"Mbili tu, afande": kwa nini hesabu ya pombe haifichiki barabarani

Kila dereva anayesimamishwa usiku wa Ijumaa amekunywa mbili. Ukikaa karibu na kizuizi cha trafiki jijini Nairobi, pale Thika Road au Lang'ata, kuanzia saa sita usiku, utalisikia jibu hilo mpaka likuchoshe: "Mbili tu, afande." Afande naye, ambaye amekuwa akilisikia tangu jioni, wala habishani. Anasogeza kifaa dirishani. "Puliza hapa, mdosi."

Usiku mmoja wa aina hiyo nilikuwa kiti cha abiria. Rafiki yangu aliyeshika usukani alikuwa amemaliza pakiti nzima ya njugu karanga, akaongeza peremende mbili za minti, kisha akashusha vioo vyote vinne ili gari lipate hewa. Alikuwa na hakika kabisa. Akapuliza, kifaa kikalia, na afande akamwomba ashuke kwa upole ambao ulinitisha kuliko kama angefoka. Wiki nzima iliyofuata jamaa aliniuliza alikosea wapi. Alidhani minti haikuwa kali ya kutosha.

Alikosea saa mbili usiku, alipoegesha gari nje ya baa na kumwambia mlinzi amwangalilie, kabla hata hajaagiza chupa ya kwanza. Kwa nini nasema hivyo, itabidi tuanze na kile kifaa, tupite kwenye ini, halafu tuingie kwenye sheria, ambako mambo yamepindapinda kuliko wengi wanavyodhani.

Kifaa hakina pua

Watu husema kifaa "kinanusa pombe", na hapo ndipo biashara yote ya minti na njugu huzaliwa. Hakinusi chochote. Harufu ya pombe mdomoni ni jambo moja, na kilevi kilichomo kwenye pumzi inayotoka ndani kabisa ya mapafu ni jambo jingine. Damu ikipita mapafuni huachia sehemu ndogo ya kilevi ikaingia kwenye hewa, kwa kiasi kinacholingana na kile kilichomo kwenye damu yenyewe. Kwa makadirio yanayotumika Uingereza, kilevi kilichomo katika mililita moja ya damu ni sawa na kilichomo katika mililita 2,300 hivi za pumzi. Ndiyo sababu ukipuliza kwa mzaha, pumzi fupi ya mashavuni, afande anakuambia urudie: anaitaka ile hewa ya mwisho, ya chini.

Ndani ya vifaa vingi vya siku hizi mna kisahani chenye platinamu. Molekuli za kilevi zikikigusa hugeuka kuwa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, na mageuko hayo huzalisha umeme kidogo. Kilevi kikiwa kingi, umeme unakuwa mwingi. Minti haina kazi hapo. Njugu pia, na kitunguu, na majani ya mpera aliyonishauri mzee mmoja kwa uso mkavu kabisa. Vyote hivyo vinabadilisha anachonusa jirani yako kwenye lifti.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kukipotosha kifaa, na hicho hukuumiza badala ya kukusaidia: kilevi kilichobaki mdomoni. Aliyesukutua kwa dawa ya kinywa yenye alkoholi, aliyemeza dawa fulani za kikohozi, au aliyeteremsha funda la mwisho akiwa tayari ndani ya gari, anaweza kutoa tarakimu kubwa kuliko ile ya damu yake. Mabaki hayo huisha mdomoni kwa takribani dakika 15. Kwa hiyo kama kweli hukunywa ila ulisukutua, mwambie afisa hivyo na umwombe akupime tena baada ya robo saa. Ni ombi la haki, lisemwe kwa sauti ya chini.

Wazo la kupima pumzi barabarani si geni. Norway iliweka kiwango cha kisheria cha kilevi kwenye damu mwaka 1936. Mashine iliyowarahisishia polisi kazi ilibuniwa mwaka 1954 na Robert Borkenstein, afisa wa polisi wa jimbo la Indiana, Marekani. Uingereza ikafuata mwaka 1967 chini ya waziri wa uchukuzi Barbara Castle, ambaye mwenyewe hakuwa anaendesha gari, jambo ambalo wenye baa hawakuacha kumkumbusha. Uingereza ilichagua miligramu 80 za kilevi kwa kila mililita 100 za damu, na baadaye kipimo cha pumzi kikawa mikrogramu 35 kwa mililita 100. Ukizisoma kanuni za Kenya za mwaka 2011 unakutana na 35 hiyo hiyo. Tumerithi tarakimu kama tulivyorithi kuendesha upande wa kushoto.

Chupa moja ni kiasi gani?

Hapa ndipo "mbili tu" inapotakiwa kuwekwa kwenye mizani. Mtaalamu wa Sweden aitwaye Erik Widmark alitoa njia ya kukadiria miaka karibu mia moja iliyopita, na mpaka leo mahakama nyingi duniani huitumia. Unachukua uzito wa kilevi ulichokunywa, unaugawa kwa uzito wa mwili uliopunguzwa kidogo, kwa sababu kilevi huenea kwenye maji ya mwili na hakiingii sana kwenye mafuta. Kwa mwanamume punguzo ni kuzidisha kilo zake kwa 0.68, kwa mwanamke 0.55.

Bia ya chupa ya nusu lita yenye asilimia 4.2, zile za kawaida tunazoziita za moto au baridi, ina gramu 16 na nusu hivi za kilevi halisi. Kwa mwanamume wa kilo 75, chupa hiyo huongeza takribani miligramu 32 kwenye kila mililita 100 za damu. Kwa mwanamke wa kilo 60, chupa hiyo hiyo huongeza 50. Sasa rudi kwenye jibu letu maarufu. Mwanamke huyo akinywa mbili ndani ya saa moja, tena mbili za kweli, ni 100, na hata ukitoa zile 15 hivi ambazo ini huondoa kwa saa, anakaribia 85. Amepita kiwango cha 80 bila kusema uongo hata kidogo.

Pombe kali ina hesabu inayowashangaza wengi. Kwota moja, ile chupa ndogo ya mililita 250 yenye asilimia 40, ina gramu 79 za kilevi. Ni karibu bia tano. Vijana watatu wakigawana mzinga wa mililita 750 sawasawa, kila mmoja ameondoka na kwota yake tumboni, na atakuambia kwa moyo mweupe kwamba "tulichukua moja tu, tukagawana." Kama aliichanganya na kinywaji cha kuongeza nguvu, ndio balaa zaidi, kwa sababu usingizi unaondoka na ulevi unabaki, kwa hiyo hata ile ishara ya mwili ya kusema sasa basi haifiki.

Na kwa kinywaji kisicho na lebo hakuna hesabu. Mnazi uliogemwa alfajiri ni mtamu karibu kama juisi. Ule ule ukikaa mpaka jioni umechacha na una nguvu nyingine. Busaa na muratina hutegemea mpishi. Anayekuambia mnazi hauna kitu, muulize ni wa saa ngapi.

Tarakimu hizi ni za wastani. Mtu mmoja hawezi kuzitumia kujipima usalama, kwa maana miili inatofautiana na glasi za nyumbani hazina alama. Nazitaja ili uone ukubwa wa jambo, maana wengi wetu tunapokadiria tunakosea kwa nusu.

Karani wa dirisha moja

Kilevi kikishaingia kwenye damu, kazi ya kukiondoa ni ya ini, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Sehemu ndogo iliyobaki hutoka kwa pumzi, mkojo na jasho. Na ini lina tabia moja ambayo ukiielewa hutahitaji kuelewa kitu kingine: halina mwendo wa haraka. Ni kama karani mmoja kwenye dirisha moja. Foleni iwe ya watu watatu au thelathini, yeye anahudumia mmoja mmoja kwa mwendo ule ule, miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu, kwa mtu wa wastani. Wengine ni 10, wengine 20.

Kahawa haimsukumi karani huyo. Inamwamsha aliyelala, lakini haimlevui. Maji baridi ya kichwani vivyo hivyo. Maji ya kunywa ni mazuri kwa kiu na kwa kichwa cha kesho, ila hayapunguzi miligramu hata moja. Kutapika kunatoa kile ambacho bado kiko tumboni. Kilichokwisha kuingia kwenye damu hakirudi. Supu ya mbuzi ya saa nane usiku, pamoja na mutura ya kona, ni raha ya dunia, na mimi sitamnyima mtu, lakini imefika wakati kazi imekwisha kuharibika. Chakula husaidia kikitangulia, kwa kuwa tumbo lililojaa hukiachia kilevi polepole kuingia utumbo mdogo, ambako ndiko hufyonzwa kwa wingi. Anayekula ugali na nyama saa moja jioni kabla ya kuanza amefanya jambo la maana kidogo. Hajafuta chupa, ameichelewesha tu.

Kuchelewa huko kuna mtego wake. Baada ya funda la mwisho, kiwango kwenye damu huendelea kupanda kwa nusu saa, wakati mwingine saa moja na nusu. Yule anayegida chupa ya mwisho harakaharaka "tuondoke" na kukimbilia gari akijiona bado yuko sawa, huwa anakutana na kilele chake akiwa katikati ya barabara kuu.

Na kujiona uko sawa si kipimo. Pombe huanza na sehemu ya ubongo inayopima na kukadiria, kabla haijafika kwenye miguu. Mtu anayeyumba anajua amelewa. Anayetembea wima huku uamuzi wake umekwisha kulegea ndiye anayeomba funguo. Waliozoea ndio hatari zaidi hapa: mwili umefundishwa kusimama vizuri na kuongea bila kukwama, ilhali tarakimu kwenye pumzi ni ile ile ya mgeni aliyelala mezani.

Jumapili saa moja asubuhi

Watu wengi huogopa kizuizi cha usiku na kusahau cha asubuhi. Tuchukue yule mwanamume wetu wa kilo 75. Ameanza saa mbili usiku, amekunywa saba, ameondoka saa saba usiku kwa teksi kama mtu mwenye akili. Chupa saba mara 32 ni 224. Kufikia hapo ini limeondoa 75, amebaki na takribani 149. Analala. Anashuka chini ya 80 kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili alfajiri. Anaisha kabisa karibu saa tano asubuhi.

Sasa mfanye awe wa chupa kumi, jambo ambalo mwisho wa mwezi si ajabu hata kidogo. Saa moja asubuhi, ameoga, amevaa shati lililopigwa pasi, amekunywa chai ya maziwa, anawapeleka watoto kanisani: damu yake ina kama miligramu 155. Karibu mara mbili ya kiwango. Hajanywa tone tangu usiku wa manane, amelala saa tano, na angeapa mbele ya mchungaji kwamba yuko safi. Atashuka chini ya 80 saa sita mchana, ibada ikiwa imekwisha na watu wako kwenye chai.

Kwa dereva wa matatu au basi mambo ni makali zaidi, maana kwake kiwango kinachotakiwa ni sifuri. Tuseme amekuwa mwangalifu: nne tu kuanzia saa mbili, akaacha saa nne, akalala. Saa kumi alfajiri anaamka kuwahi foleni ya stejini. Bado anazo chembe chache kwenye damu, pengine miligramu nane. Kwa ajira ambayo siku huanza kabla jogoo hajawika, jioni ya kunywa ni ile tu ambayo kesho yake hufanyi kazi.

Na anayetoa loku, au kuzimua kama wanavyosema Tanzania, yaani kunywa moja ya asubuhi ili kichwa kitulie, amempelekea karani wetu mtu mwingine wa foleni kabla hajamaliza wale wa jana.

Sheria inauliza swali jingine

Hapa ndipo wapiga soga wa baa hupotea. Mwezi Aprili 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikubaliana na wenye baa waliopinga kanuni za kifaa kile, ambacho kila mtu anakiita Alcoblow. Siku iliyofuata habari mtaani ikawa: Alcoblow imepigwa marufuku, kunyweni. Mahakama haikusema hivyo.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamshtaki mtu aliyelewa kwa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari sawasawa. Swali la kifungu ni: huyu mtu aliweza kulimudu gari? Kanuni za 2011 ziliuliza swali tofauti: tarakimu imepita 35? Mahakama ikaona kanuni haziwezi kuunda kosa ambalo sheria mama haikulisema. Kanuni zikaanguka. Kifungu cha 44 kilibaki pale pale, na faini yake isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Tangu hapo kifaa kimekuwa kikienda na kurudi barabarani, serikali ikitangaza leo na mawakili wakipinga kesho.

Kwa mtu wa kawaida maana yake ni hii: hata pasipo tarakimu, afisa anaweza kueleza mahakamani jinsi gari lilivyokuwa likiyumba toka mstari huu hadi ule, jinsi dereva alivyoshikilia mlango ili ashuke, jinsi alivyotoa kadi ya benki alipoombwa leseni. Daktari naye anaweza kuitwa. Wakili mzuri anaweza kukushindia kesi kwa sababu ya kanuni mbovu, kweli, lakini atakutoza, na utakuwa umelala seli kwanza.

Tena kifungu hakisemi "anayeendesha" peke yake. Kinamtaja anayeendesha, anayejaribu kuendesha, na yule ambaye gari liko mikononi mwake barabarani au mahali pa umma. Huyo wa tatu ndiye wengi hawamjui. Ni yule aliyeamua kwa nia njema kulala garini, akakaa kiti cha dereva, akawasha injini ili apate joto au achaji simu. Ukilazimika kulala garini, injini izimwe, funguo ziwe kwa mlinzi au mikononi mwa mtu mwingine, nawe uwe kiti cha nyuma. Hata hivyo bado unaweza kujikuta ukijieleza. Chumba cha wageni ni bora.

Neno "dawa" ndani ya kifungu lina uzito pia. Tembe za mafua zinazoleta usingizi, kama Piriton, zikichanganyika na bia mbili hukufanya mtu wa bia nne.

Na kama kuna mtu amekufa, hatuzungumzii tena kifungu cha 44. Kosa la kusababisha kifo kwa uendeshaji lina kifungo cha hadi miaka kumi. Kampuni za bima nazo huweka kwenye mikataba kwamba dereva mlevi halipwi gari lake. Aliyegongwa anaweza kulipwa, kisha kampuni ikakugeukia wewe ikidai pesa zake.

Wanaosafiri wasibebe hesabu za Nairobi kila mahali. Tanzania nayo inatumia 80 kwa dereva wa kawaida. Scotland ilishuka hadi 50 mwaka 2014, wakati Uingereza yenyewe imebaki palepale. Ndugu zetu walioko Falme za Kiarabu wanajua kwamba kule hakuna kiwango cha kuruhusiwa. Chembe yoyote ni kosa.

Ukishasimamishwa

Sitachukua muda mrefu hapa. Washa taa ya ndani, zima injini, toa leseni, jibu kwa heshima. Kugeuza gari ghafla mita hamsini kabla ya kizuizi ni kujipigia mbiu, na kubadilishana viti na mwenzako huku gari likitikisika huonekana kutoka mbali. Usimpe kitu kidogo. Chini ya Sheria ya Rushwa ya 2016 anayetoa ana kosa sawa na anayepokea, na sasa una mawili.

Ukikamatwa, Katiba, ibara ya 49, inakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Lakini soma sehemu inayofuata: saa 24 zikiishia siku ambayo mahakama hazikai, unapelekwa siku ya kazi inayofuata. Aliyekamatwa Jumamosi alfajiri saa zake zinaisha Jumapili, kwa hiyo bila dhamana ya polisi ni Jumatatu. Ndiyo maana wikendi huwa ndefu sana kwa wengine. Ukilipa pesa za dhamana kituoni, dai risiti. Pesa hizo ni amana, hurudishwa ukihudhuria kesi mpaka mwisho.

Gari litafikaje nyumbani

Kuna makundi ya simu ambamo watu hutumiana habari: wako Waiyaki Way, pitia ndani. Nimepita huko "ndani" usiku. Ni mitaa isiyo na taa, matuta yasiyopakwa rangi, na watu wanaotembea kwa miguu kutoka zamu za usiku. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la waenda kwa miguu. Anayekwepa kizuizi kwa njia ya ndani amelihamisha gari lake kutoka barabara yenye taa na kulipeleka walipo wao.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni gari kubaki nyumbani. Nauli ya teksi ya usiku kutoka Westlands hadi Rongai inauma, naijua, lakini hata ukiilipa mara ishirini hujaifikia ile faini. Bodaboda ni nafuu zaidi, ila mlevi hajui kushikilia, na nimeona mmoja akiachwa kwenye tuta huku mwendeshaji akiendelea bila kujua.

Njia ya pili ni dereva wa kundi. Hapa tuna ugonjwa wetu. Dereva wa kundi huchaguliwa saa saba usiku kwa kuangalia nani anasimama wima kuliko wengine, na huyo ni mlevi tu aliye na miguu mizuri. Ikiwa mtamchagua, achaguliwe jioni, kwa zamu, na asinywe kabisa. Wenzake wamlipie chakula na soda. Ni haki yake, kwa sababu kusikiliza walevi kwa saa tano ukiwa na akili timamu ni kazi.

Ya tatu imeenea sana mjini: dereva wa kukodi anayekuja baa, anaendesha gari lako mpaka kwako, kisha anarudi kwa boda. Walinzi wa maegesho huwa na namba zao. Ukiifuata, mpigie mapema, itazame leseni yake kabla hujalewa, na uhakikishe bima yako inamruhusu dereva mwingine mwenye leseni. Bima nyingine hutaja majina.

Yule rafiki yangu wa njugu alichagua ya kwanza kwa nusu na ya tatu kwa nusu, baada ya faini iliyomfanya auze runinga. Siku hizi huenda na gari mpaka baa, maana mazoea hayamtoki, lakini akifika tu humkabidhi mlinzi funguo, na wana mapatano kwamba hapewi mpaka kesho yake baada ya chakula cha mchana, hata alie. Ameshawahi kulia. Mlinzi hakumpa. Jumapili saa nane huja kwa boda, anatoa mia mbili za maegesho, anakuta kioo cha mbele kimefutwa vumbi na kunguru wameshafanya yao juu ya paa.